Mshipi wa Mama Ndani ya Kioo

Nairobi, 12 Mei 1957

Kwa dada yangu Cheptanui,

Naamini barua hii itakukuta umesimama kwa miguu yako miwili, wewe na shemeji Kemboi na watoto, na Mama akiwa bado anawagombeza wote. Mimi sijambo. Kikohozi kimeniacha, mvua haijaniacha. Mwambie Mama sijaoa, asimtume tena mtu wa kanisani kuja kuniuliza.

Habari ya kwanza ni ya kazi. Mimi si mtu wa mlangoni tena. Hapa kwenye jumba la vitu vya kale wamenipa ukumbi mzima niutunze, ule wa vitu vya makabila, na yunifomu mpya ya kaki yenye vifungo vya shaba, na kofia yake. Nafuta vumbi asubuhi, halafu nasimama mpaka saa kumi na moja. Wazungu huja na watoto wao, wakasimama mbele ya kibuyu cha maziwa kama kile chako cha jikoni, na kunong'ona kana kwamba wako ibadani. Mara nyingine natamani kuwaambia kwamba kwetu kibuyu kama hicho kinaoshwa na kuanikwa juani kila wiki.

Sasa sikia jambo la ajabu. Wiki iliyopita Bwana wa jumba alitoa vitu vilivyokuwa stoo, akavipanga katika kabati jipya la kioo. Katikati kuna mshipi wa uzazi, leketyo, wa ngozi, na kauri zake mistari miwili. Nikasema moyoni, huu unafanana na wa Mama. Nikasogea. Mstari wa chini, mahali ambapo kauri moja ilivunjika, pameshonwa kifungo cha koti la jeshi. Kifungo cha Baba, dada, cha lile koti alilorudi nalo kutoka Uhabeshi. Nani mwingine katika Bonde la Ufa zima ana leketyo yenye kifungo cha askari?

Nyumba ya Mama iliposhika moto mwaka wa 1954, nilikuwa nimekaa hapa miezi mitatu tu, na Mama alituma neno kwamba mshipi uliungua na kila kitu. Kumbe upo, mzima, haujaguswa hata na moshi. Karatasi iliyo mbele yake inasema ni mshipi wa mchezaji ngoma. Nilicheka peke yangu mpaka mgeni mmoja akanitazama vibaya.

Mwambie Mama taratibu, asije akashtuka. Nimeona ni habari ya kufurahisha.

Mdogo wako,
Kipkemei


Njoro, 2 Juni 1957

Ndugu yangu Kipkemei,

Salamu zako zimefika na tumezigawana. Kemboi mgongo unamsumbua kwa sababu ya trekta. Ng'ombe mwekundu amezaa dume, hasara. Nyumba za jirani zetu, akina Wangeci waliopakiwa kwenye malori wakati wa Emergency, hiyo hali ya hatari, bado ziko tupu, na nyasi zimefika madirishani. Mimi ni mzima. Hasira pia ni nzima.

Umeandika ukurasa wa vifungo vya shaba kabla ya kufika kwenye neno. Na ulipofika, ukacheka. Unajua mshipi ule ni nini au Nairobi imekusahaulisha? Mama aliufunga akatuzaa sisi. Mimi nilifungwa huo huo nikamzaa Chepngeno na wadogo zake, halafu ukarudi kwa Mama autunze, ili siku ya Chepngeno ikifika afungwe yeye. Ndivyo ulivyotembea tangu kwa nyanya yake Mama. Wewe unausimamia umevaa kofia.

Nilimsomea Mama barua yako. Hakushtuka. Aliinuka, akaenda kumfunga ndama ambaye alikuwa amekwisha kufungwa. Aliporudi akasema uliungua. Nilipouliza tena akasema uliungua. Basi, ndivyo anavyosema.

Sasa sikia la kwangu. Chepngeno ana mimba tena. Mbili za kwanza zilitoka, unajua, na mara zote mbili wanawake wa kwa mumewe walimuuliza: umefungwa na nini? Safari hii mtoto anatarajiwa mwezi wa kumi na moja. Kama mshipi upo, unatakiwa hapa kabla ya hapo. Msichana hali, halali, anahesabu siku kwa vidole.

Kwa hiyo nakuuliza mambo mawili. La kwanza, utautoaje? La pili, huko kuna vitabu, Wazungu hawaweki hata msumari bila kuandika. Wameandika ni nani aliupeleka? Niandikie jina. Jina tu.

Dada yako,
Cheptanui


Nairobi, 30 Juni 1957

Kwa dada yangu,

Nimepokea barua yako na nimefurahi kusikia habari ya Chepngeno, Mungu amtunze. Pole kwa mgongo wa shemeji. Hapa baridi imeingia, tunavaa makoti ndani ya jumba.

Umeuliza utatokaje. Dada, kabati lina kufuli na ufunguo uko kwa Bwana, umefungwa kwenye mnyororo wa saa yake. Nikivunja kioo, sitafika hata stesheni. Anayetaka kitu lazima aandike maombi, na mwenyewe wa kwanza aweke kidole cha wino kwamba kilichukuliwa bila ridhaa yake. Mama anaweza kuweka kidole hicho? Kama aliibiwa, aseme aliibiwa. Nitaandika maombi siku hiyo hiyo.

Kabati lile limeniletea taabu pia. Kila Ijumaa Bwana hulifungua ili nipanguse ndani, na mimi siwezi kuweka mkono kwenye leketyo ya mama yangu, wala ya mama wa mtu mwingine. Mwanamume haishiki. Wiki tatu nilipangusa vyote nikairuka hiyo, mpaka vumbi likaonekana. Nikaambiwa ni mvivu. Sasa namwomba mama mmoja anayepiga deki, Akeyo, mtu wa Kisumu mwenye watoto wanne, anipangusie yeye. Hakuniuliza sababu. Alisema hata kwao kuna vitu vya namna hiyo.

Umeuliza jina. Nimeiona kadi ofisini nilipotumwa kubeba droo. Imeandikwa kwamba ni zawadi ya yule Memsahib wa shamba letu, tuliyekuwa tukimwita Miwani. Zaidi ya hapo sina la kukuandikia. Labda wewe una la kuniandikia mimi.

Ni mimi,
Kipkemei


Njoro, 25 Agosti 1957

Kipkemei,

Tunaendelea. Mahindi yamepigwa na baridi. Shule imefungwa na watoto wako hapa wanakula kama nzige.

Ningeweza kusema barua yako ilikaa kwenye meza ya karani wa barua, Nyongesa, maana ni kweli ilikaa wiki mbili chini ya chupa yake ya wino. Lakini wiki sita zilizobaki ni zangu. Nilikuwa nashika kalamu na kuiweka. Hukunifundisha wewe kunyamaza, kwa hiyo usinifundishe leo.

Chepngeno nimemrudisha kwangu. Aliona damu tarehe tatu, kidogo, ikakata. Tangu hapo amelala ubavu mmoja na anaogopa hata kupiga chafya. Ananiuliza, "Mama, mjomba amesema nini?" Namwambia mjomba anaandika maombi. Je, mjomba ameandika? Mjomba hajaandika. Mjomba anangoja kidole.

Kidole hakipo. Nilimwambia Mama aseme aliibiwa, neno moja tu, ili mjukuu wake apone. Alinitazama kama vile nimetema mate ndani ya maziwa. Akasema: "Mimi simsingizii mtu wizi wa kitu nilichozalia." Na Miwani mwenyewe alikwenda kwao Ulaya mwaka juzi, hakuna wa kumuuliza. Basi, huku nina mama asiyetaka kusema, na huko nina ndugu asiyetaka kutenda, na katikati yuko msichana amelala ubavu.

Nimechoka na wewe. Nasema wazi, ili usije ukadhani nimekosea kuandika. Umepewa shule, umepewa kazi, umepewa mpaka kofia, na kitu kimoja tu ulichoombwa na nyumba yenu kimekushinda kwa sababu Bwana ana mnyororo wa saa. Umewekwa kumlinda mwizi asiibiwe na mwenye mali. Hiyo ndiyo kazi yako, hata vifungo ving'ae namna gani.

Andika maombi. Na hayo ya "labda wewe una la kuniandikia" yaseme yote au yaache.

Cheptanui


Nairobi, 8 Septemba 1957

Cheptanui,

Salamu kwa Mama na kwa Chepngeno. Mimi nipo.

Umesema niyaseme yote. Nimekaa na neno hili tangu mwezi wa sita, na Mungu ni shahidi wangu kwamba nilikaa nalo kwa ajili yako. Nilisema moyoni, ni dada yangu, ndiye aliyenibeba mgongoni, huenda alikuwa na njaa ambayo mimi sikuijua. Nikakupa nafasi useme mwenyewe. Badala yake umenitukana katika kurasa mbili.

Kadi ina mistari minne. Naikumbuka yote. "Mshipi wa ngozi na kauri. Zawadi ya" halafu jina la Memsahib. "Uliletwa nyumbani kwake na Cheptanui, mke wa Kemboi, dereva wa trekta, Njoro. Tarehe 9 Juni 1954."

Cheptanui, mke wa Kemboi. Kuna wangapi Njoro?

Kwa hiyo usiniulize nani aliupeleka. Wewe ndiye uliyeupeleka, kwa mikono yako, miezi mitatu kabla ya moto, na Mama amekufunika kwa uongo wa moto miaka mitatu. Ndiyo sababu hawezi kuweka kidole. Atasemaje aliibiwa, wakati mwizi ndiye anayempikia? Kikulacho ki nguoni mwako, wazee hawakukosea.

Ulipewa nini? Gunia la unga? Blanketi? Nataka kujua bei ya leketyo ya mama yangu, maana wageni huniuliza hapa. Na sasa Chepngeno ndiye anayelipa, unanilaumu mimi ili usijitazame.

Siandiki maombi. Kwanza niambie niombe kwa jina la nani.

Kipkemei


Njoro, 22 Septemba 1957

Ndugu yangu,

Hatujambo. Chepngeno anakula.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye baraza la duka la Mhindi, maana nilishindwa kungoja mpaka nyumbani, na nilipofika kwenye jina langu nikakaa chini, kwenye vumbi, mtu mzima mimi. Siku zote nilitaka kujua kama Miwani aliliandika. Sasa najua. Ana mwandiko mzuri, bila shaka.

Nitakuambia jinsi ilivyokuwa, na nitakuambia mara moja.

Unajikumbuka mwaka ule? Mimi nakukumbuka. Ulikuwa na cheti cha darasa la nane ndani ya sanduku, na jembe mkononi. Miaka miwili unang'oa magugu kwenye pareto huko Dundori, ukirudi mwisho wa mwezi unanuka pombe ya kangara. Mama alikuwa akikutazama unavyolala na viatu. Halafu watu wakaanza kukamatwa Nairobi na kupakiwa kwenye malori, na huku ikasemekana kuna nafasi za kazi kwa wasio Wakikuyu, mradi uwe na barua ya Mzungu. Ulikwenda kwa Miwani mara mbili kuomba barua. Mara zote mbili alikuambia ngoja.

Yeye alikuwa anangoja kitu chake. Alikuwa amekwisha kumwomba Mama ule mshipi mara tatu, tangu siku alipouona mlangoni umeanikwa. Mara zote tatu Mama alikataa. Asubuhi ya tarehe tisa Mama aliukunja, akautia kwenye gunia la unga, akalifunga kwa kamba, akanipa. Akasema mpelekee Memsahib, usifungue, na ukipewa kitu ulete.

Sikufungua. Lakini nilipokuwa navuka mfereji nililibana gunia chini ya kwapa, nikakisikia kifungo cha Baba kimegusa mbavu zangu. Nikajua nimebeba nini. Nilisimama pale mferejini, Kipkemei. Ningeweza kurudi. Mshipi ule ulikuwa wa kunifikia mimi na wa kumfikia mwanangu, haukuwa wako hata siku moja. Niliacha shule darasa la pili ili ada itoshe kwako wewe, na sikusema kitu. Siku ile pia sikusema kitu. Nikavuka.

Miwani alitoka barazani, akaufungua, akafurahi kama mtoto. Akauliza, "Jina yako nani?" akaandika kwenye kitabu kidogo. Nilidhani anaandika ili alipe. Akanipa bahasha.

Uliuliza nilipewa nini. Nilipewa wewe. Ni ile bahasha uliyoiweka kifuani ukapanda gari la moshi Nakuru, ukatuambia Memsahib ameona bidii yako.

Mama aliniapisha nisikuambie, ili utembee Nairobi shingo wima. Nimevunja kiapo na yeye hajui kwamba naandika. Kidole hawezi kuweka kwa sababu hakuibiwa. Na alipewa barua mkononi, kwa hiyo sielewi hiyo "zawadi" inayoandikwa kwenye kadi yenu ni zawadi ya nani kwa nani.

Nimekulaumu kwa ukali kwa sababu kila nilipokutukana nilikuwa nauona ule mfereji. Hiyo si sababu nzuri, lakini ndiyo iliyopo.

Chepngeno bado anauliza.

Cheptanui


Nairobi, 10 Novemba 1957

Dada yangu Cheptanui,

Nawasalimu nyote, na namsalimu Mama kwanza, ingawa sijui nitamtazamaje. Wiki saba sikuandika. Nilianza barua nne. Katika moja niliandika "nisamehe", nikaona neno limekuwa dogo, nikaichana. Naliandika tena hapa kwa sababu sina kubwa zaidi. Nisamehe.

Kwa muda wa mwezi mmoja nilisimama katika ukumbi ule nikitazama bei yangu ndani ya kioo. Jumatatu iliyopita nilivua kofia nikaingia ofisini kwa Bwana. Nikamweleza yote, mimba mbili zilizotoka, kifungo, bahasha. Nikamwambia: huu mshipi ulitolewa ili mimi nipate kazi hii, basi nairudisha kazi, nipe mshipi nipande gari la moshi la leo.

Hakukasirika, na hilo ndilo liliniumiza zaidi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatoa kadi, akaisoma. Akasema kadi inasema zawadi. Akasema kazi yangu iko kwenye daftari lake na mshipi uko kwenye daftari lingine, havihusiani, nikiacha kazi ni juu yangu lakini kabati litabaki jinsi lilivyo. Kilichokuwa biashara kwa Mama hapa hakikuandikwa kabisa.

Halafu, dada, alifanya jambo ambalo sikulitazamia. Aliinuka, akatoa ufunguo, tukaenda ukumbini. Akafungua, akautoa mshipi kwa mikono yake miwili, akaninyooshea. "Hii kitu ya mama yako? Basi shika. Angalia vizuri, ambia mimi kama ndiyo hii."

Ulikuwa karibu nami kama hii karatasi. Nadhani kama ningeushika, ningetoka nao. Mlango ulikuwa wazi, na yeye ni mzee. Nadhani hata angeniacha, sijui. Lakini miguu yangu ilirudi nyuma yenyewe. Nikaiweka mikono mgongoni, kama tulivyofundishwa tukiwa watoto Mama akipita nao. Akausogeza tena. Nikarudi tena nyuma mpaka nikagusa ukuta.

Akanitazama, akatikisa kichwa. "Ona. Hata wewe hapana taka. Wewe nasema ya mama, na kushika wewe naogopa." Akaurudisha ndani akafunga.

Nilijaribu kumweleza kwamba ndiyo sababu hasa, kwamba ningekuwa mgeni ningeushika bila wasiwasi. Maneno yalikuja ovyo, nusu Kiingereza nusu Kiswahili. Alinigonga begani na kusema nimechoka. Nilimwomba basi angalau arekebishe karatasi, maana si mshipi wa ngoma. Akakubali, akaipigisha taipu upya siku hiyo hiyo. Sasa inasema: "Mshipi wa mwanamke." Chini yake jina la Miwani, lile lile. La Mama halipo.

Naandika na hasira haijashuka. Nina hasira na Bwana, na Miwani, na miguu yangu hii. Ningeweza kumwokoa Chepngeno kwa kunyoosha mkono tu, nikashindwa. Mwezi wake umefika na mimi sina cha kuleta. Niambie kama niache kazi. Ukisema niache, nitakuwa Njoro Jumamosi.

Mdogo wake Chepngeno, yule wa kiume, huwa ananiandikia salamu, safari hii hata yeye kimya. Kuna nini huko?

Mdogo wako,
Kipkemei


Njoro, 1 Desemba 1957

Ndugu yangu Kipkemei,

Kimya kilikuwa cha kazi. Chepngeno amejifungua tarehe kumi na tisa, msichana, mzima, sauti kama ya fundi bati. Uchungu ulianza wakati wa kukamua na kabla maziwa hayajafika kwenye gari la krimu mtoto alikuwa nje, kwa hiyo ameitwa Chepchirchir, mwenye haraka. Mama yake amekaa kitako sasa na anakula kila kinachopita mbele yake.

Mama alimfunga Chepngeno kwa ukanda mtupu wa ngozi ya ng'ombe, alioukata kwenye hatamu kuukuu za Kemboi. Hauna kauri wala kifungo. Ulitosha kwa siku ile. Lakini Mama anasema kutosha si kumaliza, mpaka Chepngeno afungwe ule wenyewe, na kila asubuhi anamshika mtoto kichwa kama anayehesabu, na Chepngeno anamtazama Mama, na mimi nawatazama wote wawili. Hakuna anayelala vizuri katika nyumba hii, isipokuwa huyo mwenye haraka.

Barua yako nilimsomea Mama yote. Ilibidi nimwambie kwamba nilivunja kiapo. Aliniacha nizungumze, akasema alijua tangu siku niliporudi kutoka dukani na vumbi kwenye sketi. Nilipofika mahali ulipoweka mikono mgongoni alinisimamisha, akaniambia nisome tena. Nikasoma tena. Akasema, "Kumbe nilimlea." Hajasema neno jingine juu yako, na hilo usiliombe kuongezwa.

Usiache kazi. Ilinunuliwa ghali mno, na ukija hapa utarudi kung'oa magugu na mshipi utabaki huko na Akeyo peke yake. Na usijilaumu kwamba hukushika. Bwana wako aliuliza swali kwa mtu asiyehusika. Wewe si mwenyewe wa mshipi ule, hujawahi kuwa, hata kama ulitolewa kwa ajili yako.

Tunapanda gari la moshi Njoro tarehe kumi na tatu Januari. Mama, mimi, Chepngeno, na mtoto mgongoni. Kemboi ametoa nauli bila kuguna, jambo ambalo pia linahitaji kuwekwa kwenye kioo. Tutafika kwako asubuhi ya kumi na nne. Usivae kofia.

Hatuna maombi wala kidole. Mwambie Bwana wako kwamba umekosea kumweleza, kwamba wenyewe wamekuja, wako mlangoni, na wanataka kuuona tu. Atafungua, maana atataka kukuonyesha kwamba hata sisi tunauogopa. Atautoa kwa mikono yake miwili, atauliza tena kama tunautambua, na atasema shika.

Wewe simama ukutani pale pale uliposimama, mikono mgongoni. Sisi tutakuwa watatu, na wote tumezaa: mikono yetu haitarudi nyuma.

Dada yako,
Cheptanui